Siku Tatu za Kunyamaza

Bonga, Babati
10 Juni 2024

Mama Damasi,

Shikamoo. Ni mimi Coletha, mdogo wake marehemu Frida mkweo, mama yake Natalia. Habari za huko, na baridi ya mwezi huu mnaionaje? Hapa upepo umetimua vumbi tangu asubuhi, nguo za wateja nimezifunika kanga na bado zinachafuka.

Naandika kwa sababu simu ya hapo kwenu anakaa nayo shemeji Damasi. Kila nikipiga anapokea yeye, anasema Natalia yuko kisimani. Mtoto gani anakaa kisimani kutwa nzima? Basi nimempa barua Evangelina wa mitumba, anayekuja mnada wa kwenu kila baada ya wiki mbili, akukabidhi mkononi. Najua husomi. Natalia atakusomea, na majibu aandike yeye.

Nimesikia hamkuambiwa kwa nini Natalia amerudi huko, kwa hiyo nayasema yote. Tarehe 14 mwezi wa tano nilimtuma Natalia apeleke suruali ya Clemence nyumbani kwake. Ni Clemence huyuhuyu mwana wa Mzee Pantaleo wa huko kwenu, mwenye duka la pembejeo hapa sokoni. Cherehani yangu ilikuwa barazani kwake miaka minne. Alimfungia ndani akambaka. Kwenye kikundi chetu cha wanawake tumekubaliana tusiseme "kamchezea" wala "kamharibia masomo", tuliite kwa jina lake, kwa hiyo nisamehe nikiliandika hivyo kwa mama mtu mzima kama wewe.

Tuliripoti polisi tarehe 17. Alikamatwa, akakaa mahabusu siku mbili, akatoka. Leo anauza mbegu za alizeti kama kawaida na ananipungia mkono! Jalada limerudishwa. Wanasema binti alikaa siku tatu bila kumwambia mtu, kwa hiyo ushahidi una mashaka.

Sisi hatukukubali. Kikundi chetu tuko wanawake thelathini na wawili, mwenyekiti ni Redempta muuza samaki, mimi ni katibu. Tumeorodhesha mabinti saba wa Bonga na Singe ambao kesi zao zimekaa tu kwenye makabati. Tunaitaka serikali iyafungue majalada yote saba, iache kuwaambia watu wakayamalize nyumbani, na mtoto akifika kituoni apokelewe na mwanamke. Barua nimeiandika mimi, kurasa tatu. Tumeambiwa tusubiri.

Nakuomba kitu kimoja, Mama. Natalia asiozwe. Nasikia shemeji ameanza maneno hayo. Kesi ikiitwa, lazima awepo.

Nijibu haraka, roho yangu haitulii.

Mimi mwanao,
Coletha

*

Kijijini, nyuma ya Mlima Hanang
12 Juni 2024

Coletha,

Marahaba. Anaandika Natalia, maneno ni yangu. Nimemwambia asitie chumvi.

Damasi aliniambia mtoto amerudi kwa sababu ya ada. Nimekaa naye hapa tangu mwezi uliopita, nampa maziwa hanywi, nikadhani mjini mmemzoesha soda. Nikamgombeza. Nimegombeza mtoto aliyeumizwa, kwa sababu nyie wasomi na huyo mwanangu mliona mimi ni mzee wa kufichwa! Hilo silisahau upesi.

Na wewe, nikuulize. Ulimtuma msichana wa miaka kumi na sita nyumbani kwa mwanaume peke yake kwa ajili ya suruali? Yeye hakuwa na miguu ya kuja kuichukua? Nijibu hilo kwenye barua ijayo, usilizungukezunguke.

Kumuoza, haozwi. Mimi bado napumua.

Hiyo serikali yenu mnayoiandikia kurasa tatu, sawa, iandikieni. Kwetu mwanaume akimfanyia mwanamke uovu, wanawake hawaandiki. Tuna fimbo zetu, na wewe ulishaziona siku ya harusi ya dada yako, hukujua ni za nini. Nimeshaanza kuongea na wenzangu.

Mdogo wake Damasi, baba yake Natalia, bado yuko Lindi na ng'ombe. Hajui. Ningependa ajue kwa mdomo wangu, si kwa simu ya Damasi.

Salimia majirani.

Mama Damasi

Mama mdogo, hapa ni mimi Natalia. Bibi ameenda kukamua. Ule mstari wako wa siku tatu sikumsomea. Nilipoufikia nilikohoa nikauruka. Sikujua nimsomee vipi.

*

Bonga, Babati
24 Juni 2024

Mama Damasi,

Shikamoo. Nimepokea maneno yako na nimeyameza, ni makali lakini ni halali yangu.

Umeuliza kwa nini nilimtuma peke yake. Nilikuwa na mashati ya sare ya kumaliza, shule inayataka, na Clemence ndiye aliyekuwa akiniletea oda hizo za sare kupitia rafiki zake. Nikaona nimfurahishe, suruali imfikie mapema. Hilo ndilo jibu, Mama. Halina uzuri wowote.

Sasa ya huku. Jumatano tulikwenda wote thelathini na wawili kwenye ile ofisi ya serikali tuliyoiandikia, tukakaa chini uwanjani na kanga zetu nyeusi. Askari wa getini akatuambia hapa si msibani. Redempta akamjibu, "Mwanangu, usituharakishe, msiba tumekuja nao." Tukakaa hadi wanafunga. Alhamisi tukarudi, na wa Singe wakaongezeka wakiwa na watoto mgongoni. Kuna mama mmoja, Scholastica, binti yake ana miaka tisa. Jalada lake lina mwaka na nusu. Aliposimama kusema, sauti haikutoka, akakaa tena. Hapo ndipo mkubwa mmoja alitoka akachukua karatasi yetu kwa mikono miwili. Ametuahidi kikao.

Wamenipa mimi niseme siku hiyo. Wanasema mimi nina maneno. Nimejiandaa kuanza hivi: "Serikali ikinyamaza, imeshika mlango wakati mtoto anaumizwa." Nimeyasoma kwa sauti mara nyingi, na kila nikimaliza najisikia vibaya, natoka nje kuzunguka. Cherehani nimeihamishia hapa nyumbani chini ya dirisha. Wateja ni wachache.

Mtunze mtoto.

Coletha

Natalia, kipande hiki kidogo nimekikunja peke yake ni chako, usimsomee Bibi. Yale ya siku tatu tuyaache yalivyo. Najua unachojua. Tukigeuza maneno sasa watasema familia nzima ni waongo na hakuna atakayekuamini tena. Nilikuwa nimechanganyikiwa siku ile, mwanangu. Nakuomba.

*

Kijijini
26 Juni 2024

Coletha,

Marahaba, marahaba. Leo nina furaha na mgongo unauma.

Tumekwenda! Wanawake wa huku na wa upande wa pili wa korongo, wote waliokwisha kuzaa, kila mmoja na fimbo yake ndefu. Tulifika bomani kwa Pantaleo jua linatoka tukakaa nje ya lango. Hakuna mwanaume aliyethubutu kutoa ng'ombe kwenda malishoni, ng'ombe walilia humo ndani kwa kiu mpaka wake za Pantaleo wenyewe wakatoka wakaja kukaa upande wetu. Tuliimba jina la Clemence na alichofanya. Tuliimba siku nzima. Pantaleo alituma ujumbe kwamba mwanawe amesingiziwa. Tukaimba na hilo.

Siku ya pili, mchana, alitoa dume jeusi lisilo na doa. Hiyo ndiyo faini yetu tangu bibi zetu. Tulilichinja wenyewe, tukalila wenyewe huko porini, hakuna mwanaume aliyelionja. Sasa hakuna boma huku litakalompa Clemence hata maji ya kunawa.

Natalia hakuwepo, ule ni mkutano wa waliozaa. Nilipomweleza aliuliza, "Na yeye Clemence mwenyewe alisemaje?" Nikamwambia yuko kwenu mjini, hakuja. Akaendelea kuosha vibuyu. Nilitaka acheke hata kidogo.

Haya, wewe na ofisi zako mmefikia wapi?

Mama Damasi

Mama mdogo, kipande chako nimekisoma. Nimekiweka ndani ya daftari la hesabu. N.

*

Bonga, Babati
8 Julai 2024

Mama Damasi,

Shikamoo, ingawa leo naandika kwa hasira.

Mmekula dume? Mama, mmeila kesi!

Kikao tulichoahidiwa kilifanyika Ijumaa. Tulivaa vizuri, nikafungua daftari langu nikaanza kusoma. Sikufika ukurasa wa pili. Mkubwa yule akafungua droo akatoa karatasi. Imeandikwa kwamba familia ya Natalia na familia ya Mzee Pantaleo wameelewana kimila, dume limeshachinjwa, na hakuna tena anayelalamika. Kuna sahihi ya shemeji Damasi na muhuri wa kijiji. Akatabasamu, akasema, "Akina mama, mnapiga kelele mjini kwa jambo ambalo kwenu limeshaliwa." Redempta akamwambia samaki aliyeliwa anaacha miiba, na kuna watu imewakwama kooni. Watu walicheka. Mimi nilitaka ardhi ipasuke niingie.

Tulipotoka, baadhi ya wenzetu wa Singe wakaanza kusema ndivyo walivyo Wabarbaig, ng'ombe kwao ni kila kitu. Nikawajibu kwamba mama yake Natalia alikuwa Mmbulu kama wao na amelala makaburi yaleyale ya kwao. Lakini ndani yangu, Mama, sitakuficha, na mimi nilikuwa nakulaumu. Tumekaa juani, watu wameacha biashara zao, Scholastica ameacha mtoto kitandani, halafu nyie mnawasha moto na kula nyama!

Ulijua kuhusu karatasi hiyo? Niambie ukweli. Mkubwa ametupa nafasi moja ya mwisho kuleta maelezo, vinginevyo jalada la Natalia linafungwa, na mengine sita sijui.

Coletha

*

Kijijini
10 Julai 2024

Coletha,

Leo sikuitikii. Shika adabu kwanza, halafu soma.

Karatasi sikuijua. Mimi sijui kusoma, lakini ng'ombe nawasoma. Ulipotaja Damasi nilitoka na barua yako mkononi nikaenda zizini. Nikakuta mitamba mitano ambayo wiki zote hizi aliniambia ni ya watu, anawachungia tu. Nikageuza shingo ya mmoja nikaona chapa ya Pantaleo. Nimezaa mjinga! Amemuuza mtoto wa ndugu yake nikiwa hapohapo napika.

Sikiliza sasa, na huyo mkubwa wako asikilize. Dume jeusi si suluhu. Dume jeusi ni adhabu, na ni la wanawake wote, kwa sababu aliyemuumiza mmoja ametuumiza sisi sote. Mtu hatoi dume jeusi mpaka akubali kwamba uovu umefanyika nyumbani kwake. Halimlipi Natalia chochote wala halimalizi kesi ya mtu. Mitamba ndiyo suluhu, na hiyo ni mambo ya wanaume, wamekaa wenyewe wakapatana. Mtu wa ofisini amechanganya vitu viwili kwa sababu Damasi alitaka avichanganye.

Jana tuliirudisha. Wanawake kumi na saba tuliswaga mitamba hadi bomani kwa Pantaleo, tukaiingiza kwa lango lake mwenyewe mchana kweupe, watu wanaona. Damasi amehamia kwa rafiki yake, hataki kuniona. Asinione.

Kuna karatasi nyingine ndani ya hii, Natalia ameiandika safi, ina maneno haya ya dume na mitamba, na gumba langu, na magumba ya wenzangu kumi na sita. Mpelekee. Kama serikali inapenda karatasi, hiyo hapo.

Jambo jingine. Tulipokuwa tunaandika hii, Natalia aliniuliza, "Bibi, mtu aliyejua akanyamaza, na yeye anaendewa na fimbo?" Nikamwambia anaendewa, hata akiwa mwanamke mwenzetu. Nikadhani anamsema mke wa Clemence. Nikamwambia aandike na hilo. Akaweka kalamu chini, nikamngoja sana, ndipo akaandika. Mtoto huyu ana kitu. Wewe umemlea miaka sita, unakijua?

Mama Damasi

*

Bonga, Babati
5 Agosti 2024

Mama Damasi na Natalia,

Shikamoo Mama. Mnadani Evangelina alikuja mara iliyopita bila barua yangu, nisameheni. Nilianza kuandika mara nne nikachana.

Habari ni njema, njema kabisa. Ile karatasi ya magumba ilifanya kazi. Redempta aliisoma mbele ya wakubwa, safari hii walikuwepo na watu wa ngazi za juu. Aliposoma lile neno kwamba mtu hatoi dume jeusi mpaka akubali uovu umefanyika nyumbani kwake, mmoja akaomba alirudie. Suluhu ya Damasi imetupwa. Majalada yote saba yamefunguliwa upya. Lile la mtoto wa Scholastica linaanza kusikilizwa mwezi ujao, na kituoni amepangwa mwanamke wa kuwapokea watoto. Wanawake walipiga vigelegele mpaka getini, yule askari naye akacheka. Nilibebwa, Mama! Walinibeba juu mimi, kwa sababu ya zile kurasa tatu.

Kesi ya Natalia ni tarehe 27 mwezi huu, Jumanne, saa tatu asubuhi.

Sasa Natalia, hii ni yako. Mwendesha mashtaka aliniita. Ni dada mzuri, hana makuu. Amesema kila kitu kinakwenda isipokuwa tundu moja, zile siku tatu. Upande wa Clemence wataling'ang'ania hilo tu: kama kweli, mbona alinyamaza? Amesema ujiandae kueleza. Useme uliogopa. Hakuna atakayekushangaa, mabinti wengi wanaogopa, hata wiki, hata mwaka.

Najua ninachokuomba. Lakini fikiria na upande huu. Mimi ndiye katibu. Jina langu liko chini ya kila barua tuliyopeleka. Ikijulikana kwamba katibu mwenyewe alidanganya kituoni, watasema kikundi chote ni cha waongo, na wale watoto sita wengine wataanguka na mimi. Siyo kwa ajili yangu tu. Nimegeuza jambo hili kila upande, nashona nafumua, siku hizi hata mshono ulionyooka unanishinda.

Nauli nimempa Evangelina. Njoo ulale kwako, kitanda chako kipo.

Mama yako mdogo,
Coletha

*

Kijijini
7 Agosti 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Leo Bibi hasemi, nasema mimi.

Siku ile nilirudi nyumbani saa tisa. Ulikuwa unatia vifungo kwenye shati la sare. Nilikuambia. Nilikuambia yote, na jina lake. Ulichomeka sindano kwenye kitambaa isipotee, ukaniambia nikaoge. Nilipokuwa naoga uliifua sketi yangu wewe mwenyewe, ukaianika nyuma ya nyumba ambako hapapiti watu. Halafu ukasema, "Ngoja kwanza, nitaongea naye."

Nikangoja. Siku ya pili ulikwenda kushona barazani kwake. Siku ya tatu ukaenda tena, na jioni ulirudi na kitambaa kipya cha sare. Siku ya nne ndiyo mama Redempta alipita na samaki akanikuta na homa, akaniuliza, nikamwambia na yeye. Yeye hakuniambia nikaoge wala hakufua chochote, alitushika mikono wote wawili tukaenda.

Kituoni wakakuuliza ulijua lini. Ukasema, "Leo asubuhi. Alikuwa hasemi." Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo, bega langu linagusa lako. Sikukukanusha kwa sababu wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipofariki, nikaona labda unajua unachofanya. Kwa hiyo kama nilinyamaza, nilianzia hapo. Kabla ya hapo sikunyamaza hata saa moja.

Sitasema niliogopa kusema. Clemence nilimwogopa, na bado namwogopa, hata mlango ukigongwa huku porini nashtuka. Lakini kusema sikuogopa. Nilisema! Ndicho kitu pekee nilichofanya vizuri siku ile na wewe unataka nikikane mbele ya hakimu.

Umeandika kuhusu wale watoto sita. Nimelia sana kwa ajili yao, yule wa miaka tisa hasa. Lakini mama mdogo, wao hawakudanganya. Aliyedanganya ni wewe, sema wewe.

Nimemsomea Bibi barua zako zote, kuanzia ile ya kwanza, na mstari nilioruka, na kile kipande ulichokunja. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua, lakini aliniambia nirudie kipande kile mara mbili. Halafu akasema, "Kumbe swali lako lilikuwa la Coletha." Wanawake wengine walitaka kuja Bonga na fimbo. Bibi amewazuia. Amesema, "Yule hana dume. Atoe maneno."

Basi ni hivi. Ukienda ukaandikisha maelezo mapya, na ukawaambia wenzako kikundini kwa mdomo wako, nitakuja tarehe 27 na Bibi. Usipokwenda siji, kesi ife, na nitakaa huku. Sitaki kuapa halafu neno la kwanza nitakalosema liwe uongo wako.

Nauli yako nimempa Evangelina airudishe. Bibi ameuza mbuzi.

Natalia

*

Bonga, Babati
19 Agosti 2024

Natalia mwanangu,

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, Evangelina bado hajashusha mzigo wake. Nilikaa nayo siku tatu. Unaona, hata safari hii zilikuwa tatu. Sitafuti huruma, nakuambia tu nilivyo.

Ijumaa nilikwenda kwenye mkutano wetu. Redempta alikuwa anagawa kazi za tarehe 27, nani atapika chai, nani atakaa karibu na wazazi. Nikaomba kusema. Wakanigeukia wote, wanapenda nikisema. Nikawaambia: Natalia aliniambia siku ileile. Mimi ndiye niliyemwambia akaoge, nikamfulia sketi. Mimi ndiye niliyekwenda kushona barazani kwa Clemence siku mbili zilizofuata, kwa sababu ya sare. Nilimwendea Clemence, nikamuuliza, akaniambia nisiharibu kazi, akanipa kitambaa cha mashati ishirini. Nikakipokea.

Hilo la mwisho hukulijua. Ulikiona kitambaa tu.

Hakuna aliyenipigia kelele, ningependa wangepiga. Scholastica alisimama akatoka nje na mtoto wake. Redempta aliniangalia mpaka nikainamisha uso, akaniuliza, "Zile kurasa tatu uliziandikaje, Coletha, mkono ulikuwa wa nani?" Nikamwambia sijui. Sijui kweli. Kila nilichoandika mle nilikiamini. Wamenivua ukatibu. Daftari na muhuri nimekabidhi palepale.

Jumamosi Redempta alinipeleka kituoni. Hakunishika mkono, alitembea mbele. Yule afande wa kike mpya ndiye aliyechukua maelezo yangu. Aliniambia ninaweza kushtakiwa kwa yale ya kwanza, akaniuliza kama bado nataka kuendelea. Nikasema naendelea. Nilimweleza na sketi, na mahali nilipoianika, na maneno ya Clemence, na kitambaa. Sare hizo wanafunzi wanazivaa hadi leo, nawaona wakipita asubuhi na najua kila tundu la kifungo.

Nilimwomba anisomee alichoandika, kwa sauti. Alisoma: "Mtoto alitoa taarifa kwangu siku ileile, saa tisa alasiri, bila kuficha. Aliyenyamaza siku tatu ni mimi." Nikatia sahihi. Mwendesha mashtaka amesema lile tundu limezibika, na kwamba nitaitwa kama shahidi. Upande wa Clemence watanichambua mbele za watu. Wanichambue.

Kuhusu wale sita, bado majalada yako wazi. Hakuna aliyeyafunga kwa sababu yangu. Nilikutisha na kitu ambacho hakikuwepo, au labda nilikuwa najitisha mwenyewe.

Mwambie Bibi maneno nimeyatoa, yote. Kama bado anataka kuja na fimbo, mlango wangu anaujua.

Tarehe 27 kikundi kitakuwa nje ya mahakama tangu saa moja. Redempta amesema mimi nikae nyuma, nitakaa nyuma. Mashahidi wanaingilia mlango wa pembeni, kwa hiyo lazima utanipita. Ukinikuta nimesimama pale usijilazimishe kunipa shikamoo. Nipite, mwanangu. Ingia ukaseme.

Coletha